Baa za dengu: jinsi ya kujitengenezea vitafunwa vya nguvu bila kuishia na uji

Kabla hatujaanza, baa ninazozisema hapa sio zile za kukaa na chupa, ni vile vipande virefu vya kutafuna ambavyo watu wa mazoezi wanatembea navyo kwenye begi, enaji baa kama wenyewe wanavyoziita. Na ya kwanza niliyotengeneza mimi ilikuwa baa kwa ile maana nyingine, yaani balaa. Nilichemsha dengu, nikazimimina kwenye blenda zikiwa bado zinachuruzika maji, nikatia tende, nikatia asali, nikasukuma kwenye oveni dakika 20, nikatoa kitu ambacho juu kimekauka kama ngozi ya ngoma na ndani ni uji. Nikasema labda haijaiva, nikairudisha, juu ikaungua, ndani uji vilevile. Nikaila na kijiko, sikuwa na namna.

Nimezitengeneza mara nyingi sana tangu siku ile na nilichokuja kukigundua ni kwamba shida haikuwa oveni wala vipimo, shida ilikuwa maji. Dengu ikishachemka ikaiva, kwenye kila gramu 100 karibu gramu 60 ni maji matupu, kwa hiyo ukidhani unatia nafaka kavu kwenye mchanganyiko kumbe zaidi ya nusu ya ulichotia ni maji. Ukishalielewa hilo kila hatua utakayoisoma hapa chini utaona inapigana na jambo hilohilo, kuyatoa maji, kuyazuia yasirudi, au kuyafunga mahali yasikusumbue.

Nitaelekeza aina mbili, laini na ngumu. Laini inatafunika kama keki iliyoshindiliwa na ndio rahisi, anza nayo. Ngumu ni ile ya kukatika kwa sauti, hiyo inataka uangalizi zaidi kidogo ila ukiipatia hutarudi nyuma.

DENGU ZENYEWE

Dengu ninazozisema ni zile nene za rangi ya krimu, za duara lakini zina kichongo kidogo upande mmoja kama mdomo wa kifaranga. Sio choroko, na sio zile bapa ndogo zinazoiva chini ya nusu saa. Kuna nyingine ndogo zaidi, za kahawia, zenye ganda gumu na zimekunjamana, hizo nazo zinafaa na kwa baa ngumu mimi nazipenda kuliko zile za krimu.

Kwa nini dengu na sio maharage mengine, kwanza ladha yake imepoa, inakubali utamu bila kugombana nao, jaribu kuweka maharage mekundu kwenye tende uone. Pili zikiiva zina protini kama gramu 9 kwa kila gramu 100, nyuzinyuzi gramu 7 mpaka 8, mafuta chini ya gramu 3, na kalori kama 164 tu. Kwa hiyo ni kitu kinachojaza tumbo bila kukurundikia mafuta, mafuta utayaleta wewe kwa siagi ya karanga na mbegu.

Kikombe kimoja cha dengu kavu ni karibu gramu 200, zikiiva zinakaribia gramu 450 mpaka 500. Hizo zinatosha trei mbili za baa laini kwa hiyo kama huna haraka chemsha kikombe kizima, nusu itumie leo, nusu ifungie kwenye friza.

KULOWEKA NA KUCHEMSHA

Chambua kwanza, toa vijiwe na zilizotobolewa. Osha, weka kwenye bakuli kubwa, mimina maji mara tatu ya kimo cha dengu maana zinavimba sana, tia chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 2 za maji. Najua kuna watu hapa wanaruka juu, wanasema chumvi inazigomesha dengu zisiive. Hapana. Chumvi kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda, kinachogomesha ni vitu vichachu, ndimu, nyanya, siki, hivyo usiviweke kabla hazijaiva. Nyingine zinagoma kwa sababu ya uzee tu, zimekaa mwaka na zaidi ghalani, hizo utachemsha mpaka gesi iishe na bado zitakuwa kokoto katikati.

Ziache masaa 8 mpaka 12. Kama kuna joto ziweke kwenye friji au badilisha maji mara moja katikati, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya kuchacha. Mwaga maji ya kulowekea, usiyarudishe kwenye sufuria, yanatoka na sehemu ya zile sukari za kwenye mikunde ambazo tumbo haliwezi kuzisaga zikabaki zinachacha huko chini na kukuletea gesi.

Weka maji mapya, tia robo kijiko cha chai cha bekingi soda, chemsha. Kwa sufuria ya kawaida ni saa moja mpaka saa moja na nusu, kwa presha kuka dakika 20 mpaka 25. Soda isizidi hapo, ikizidi dengu zinapata ladha ya sabuni na ukishafika huko hakuna tende itakayoifunika. Kujua kama zimeiva toa moja, ipulize, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa baa laini inatakiwa iparaganyike yote bila kiini kigumu. Kwa baa ngumu simamisha mapema kidogo, ibonyee lakini ibaki na umbo.

Yale maji ya kuchemshia weka kikombe kimoja pembeni, yakipoa yanakuwa mazito kama ute. Sio utani, Mfaransa mmoja anaitwa Joël Roessel mwaka 2014 alionyesha kwamba maji ya mikunde ya kopo ukiyapiga yanaumuka povu kama ute wa yai. Sisi hatutayapiga, ila ni gundi nzuri, utaona huko mbele.

Kama una za kopo tumia, hakuna dhambi, ila zichuje na uzisuuze vizuri maana zina chumvi nyingi, na hatua inayofuata usiiruke hata kidogo.

KUKAUSHA, HAPA NDIPO MCHEZO ULIPO

Wengi wanachuja dakika 2 na kuendelea. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ziache kwenye chujio dakika 15 nzima, zikiwa za moto, kwa sababu mvuke unaotoka pale ni maji ambayo hutahangaika nayo baadae. Kisha zimwage juu ya taulo safi kavu, kunja upande wa pili juu yake, zisugue kwa viganja taratibu kama unamkausha mtoto kichwa. Utaona maganda yanaanza kuvuka yenyewe. Kama unataka baa laini iwe nyororo kabisa okota maganda uyatupe, mimi siku hizi nayaacha, nyuzinyuzi ziko humo na kusema ukweli ni kazi ya kuchosha mno kwa faida ndogo.

Baada ya taulo zitandaze kwenye trei, zisipandane, oveni nyuzi 150, dakika 10 mpaka 12. Au sufuria pana kavu, moto mdogo, dakika 6 hadi 8 huku unatikisa. Unatafuta dalili tatu: ule mng'ao umeondoka zimekuwa na vumbi fulani kama chaki, maganda yameanza kupasuka, na ukitikisa trei zinabiringika badala ya kuteleza. Kama una mizani ya jikoni mambo yanakuwa mepesi zaidi, nikianza na gramu 250 nasimamisha zikifika kama 220. Hizo gramu 30 zilizopotea, karibu vijiko viwili vya chakula vya maji, ndizo zilizokuwa zinanifanya nile baa na kijiko.

Ziache zipoe kabisa. Ukizisaga za moto zinatoa mvuke ndani ya mashine, mvuke unarudi kuwa maji, umefanya kazi bure.

BAA LAINI

Hivi ndivyo vipimo vya trei moja ya sentimita 20 kwa 20, inatoa vipande 12:

- dengu zilizoiva gramu 250 (pima kabla ya kuzikausha)
- tende bila kokwa gramu 150
- siagi ya karanga gramu 100, ile ya karanga tupu isiyo na sukari
- oti bapa gramu 120
- ufuta gramu 30
- asali vijiko 2 vya chakula
- mdalasini kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga kidogo
- chumvi nusu kijiko cha chai, kama dengu umeziloweka kwa chumvi weka robo

Oti na ufuta haviko hapo kujaza tu. Protini ya dengu ina laisini nyingi lakini methionini kidogo, hivyo ni viwili kati ya vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji, nafaka na ufuta ni kinyume chake, ukivichanganya vinafunikiana mapungufu. Na oti zinanyonya maji, kwa hiyo ndizo polisi wetu humu ndani.

Anza na vikavu. Kaanga oti na ufuta kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, dakika 4 au 5 mpaka unusie harufu ya mkate. Usiondoke, ufuta unaungua ukigeuka tu kusoma meseji. Nusu ya oti zisage ziwe unga, nusu ziache nzima. Ule unga utafunga, zile nzima zitakupa kitu cha kutafuna.

Tende ukizibonyeza zikiwa laini zinaingia hivyo hivyo. Zikiwa kavu zimekakamaa zimwagie maji ya moto dakika 10, kisha zichuje na uzikamue kwa mkono kwelikweli, sio kuzigusagusa. Nimewahi kuona mtu anakausha dengu vizuri kabisa halafu anamimina tende pamoja na maji yake yote, kazi yote ikarudi mwanzo.

Sasa kwenye mashine ya kusagia chakula, fudi prosesa, weka dengu peke yake, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mara nane kumi hivi, mpaka ziwe kama mchanga wenye chembe za hapa na pale. Usiiachie mashine ikazunguka moja kwa moja, zitakuwa rojo. Blenda ya kawaida ya juisi inapata shida na kazi hii, inasaga chini juu hakuna kinachosogea, kama ndiyo uliyonayo bora utumie kinu na mchi, au uma na subira. Toa dengu weka bakulini. Kisha saga tende, siagi ya karanga, asali, chumvi na viungo mpaka vishikane viwe donge moja la kahawia linalozunguka na kisu.

Changanya vyote kwenye bakuli kwa mkono. Mwiko haufai hapa, donge la tende linaugomea. Finyanga kama unakanda chapati mpaka usione tena mistari ya tende.

Halafu acha. Dakika 10, usiguse. Oti zinahitaji muda wa kunywa yale maji yaliyobaki, mchanganyiko unaoonekana laini sasa hivi baada ya dakika 10 ni kitu kingine kabisa, na watu wengi wanaharibu hapa, wanaona umelegea wanaongeza oti, zote zinanywa kwa pamoja, baa inatoka kavu inakwama kooni.

Baada ya hapo chukua tonge ulibane kwenye kiganja, ufungue mkono. Likibaki na alama za vidole na kiganja chako ni kikavu, uko sawa. Kiganja kikibaki kinang'aa na kunata, ongeza kijiko kimoja kimoja cha oti za unga. Likimong'onyoka ongeza kijiko kimoja cha yale maji ya dengu tuliyoweka pembeni, sio maji ya bomba, yale yana wanga na protini yanashikisha.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei ikiwa na masikio pande mbili ya kushikia, mwaga mchanganyiko, weka karatasi nyingine juu na ushindilie kwa kitako cha glasi au chupa iliyonyooka. Shindilia hasa, anza pembeni uje katikati, maana pembe ndizo zinazovunjika. Unene uwe kama sentimita moja na nusu. Ikiwa nyembamba zaidi inakauka kama biskuti, ikiwa nene ndani haifikiwi.

Oveni nyuzi 170, dakika 22 mpaka 25. Kingo zitakuwa za kahawia na zimeachana kidogo na trei, katikati ukigusa panarudi. Toa, na hapa naomba unisikilize, usikate. Iache ipoe saa nzima. Ikiwa ya moto kila kitu kimelegea, sukari ya tende imeyeyuka na wanga wa dengu haujakaza, ukikata utapata makombo halafu utasema mapishi yangu ni ya uongo.

Ikipoa inyanyue kwa yale masikio, kata vipande 12 kwa kisu kirefu, unabonyeza chini mara moja, hukerezi kama mkate. Sasa vitenganishe, vipange kwenye trei vikiachana nafasi ya kidole, rudisha oveni nyuzi 150, dakika 12 hadi 15, geuza mara moja katikati. Kuoka huku kwa pili ndiko kulikonibadilishia maisha, kwa sababu mwanzoni mvuke ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, juu, sasa kila kipande kina pande zote wazi. Nje inashika, ndani inabaki laini bila unyevu wa uji.

Kila kipande kinakuja kama gramu 50, kalori kama 180, protini gramu 6, nyuzinyuzi gramu 4 na kidogo. Na sukari kama gramu 12, niseme wazi, maana kuna tabia ya kusema tende na asali ni asilia kwa hiyo sio sukari. Ni sukari. Zinakuja na vitu vingine vizuri, sawa, hasa tende zina nyuzinyuzi, lakini ukila nne umekula gramu 48. Ukitaka kupunguza toa asali yote na uongeze kijiko cha maji ya dengu, tende zenyewe zinatosha utamu.

HUNA OVENI

Inawezekana. Tumia sufuria au kikaango kizito chenye kitako kinene, paka mafuta, shindilia mchanganyiko humo unene wa sentimita moja, funika, moto mdogo kabisa dakika 12 hivi. Mfuniko ufutie maji kila baada ya dakika 3, 4, ule mvuke unaokusanyika utadondoka tena juu ya baa na utakuwa unaipika kwa mvuke badala ya kuikausha. Weka sahani juu, pindua, irudishe upande wa pili, safari hii bila mfuniko. Acha ipoe, kata, vipande vikaushe tena upandeupande dakika 2, 2.

Au usipike kabisa. Dengu zimeshaiva, oti umeshakaanga, shindilia uweke kwenye friji masaa 3, kata. Zinaliwa vizuri tu ila ni laini zaidi, hazivumilii begi, na zimalize ndani ya siku 3 au 4.

Unga wa dengu je? Nimeulizwa sana. Unaweza ukautumia badala ya sehemu ya oti lakini usiutie mbichi, una uchungu na ubichi fulani wa majani, na unga mbichi wa aina yoyote unaweza kuwa na vijidudu. Kaanga kwenye sufuria kavu moto mdogo huku unakoroga mpaka rangi iwe ya dhahabu na harufu igeuke iwe kama ya karanga.

BAA NGUMU

Hapa dengu tunazikausha mpaka mwisho, sio juujuu. Chukua gramu 250 zilizoiva, zipitishe chujio na taulo kama tulivyofanya, tandaza kwenye trei bila mafuta, oveni nyuzi 200, dakika 35 mpaka 45, ukitikisa kila dakika 10. Rangi itakudanganya, zinakuwa kahawia nje huku ndani bado ni ugali. Amini mizani, gramu 250 zinatakiwa zishuke mpaka 110 au 120. Huna mizani, toa moja ipoe dakika 2 kisha iume, ivunjike kama karanga ya kukaanga, ikibonyea hata kidogo rudisha. Zikishafika zima oveni, acha mlango wazi kidogo na uziache humohumo zipoe.

Zitwange kidogo, mara mbili tatu kwa mchi, vipatikane vipande vikubwa na vidogo, zikibaki nzima hazishikani zinakimbiana. Changanya na oti za kukaanga gramu 80, ufuta gramu 40, mbegu za maboga gramu 40. Weka bakuli hilo mahali pa joto, oveni iliyozimwa ni pazuri, maana vikavu vikiwa vya baridi vinaigandisha asali kabla hujamaliza kukoroga.

Sasa gundi. Asali gramu 100 kwenye sufuria ndogo, moto wa wastani, ichemke. Mwanzoni povu ni kubwa na jepesi na linapanda haraka kwa hiyo sufuria iwe na kina, baada ya dakika chache mapovu yanakuwa madogo, mazito, yanapasuka taratibu kama ya uji. Hapo weka bakuli la maji baridi karibu, dondosha tone la asali ndani. Likisambaa, bado. Ukiweza kulikusanya kwa vidole likawa kagololi kanakobonyea lakini kanajishikilia, zima moto, uko kwenye nyuzi 118 mpaka 122 hivi. Likiwa gumu kama jiwe umepitiliza, baa zitataka nyundo. Yote hii ni maji tena, asali ina karibu gramu 17 za maji kwa kila 100, unachofanya ni kuyafukuza ili ikipoa ikaze.

Na tafadhali asali inayochemka sio maji ya moto, inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Nina alama kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa sababu nilitaka kuonja.

Ukishazima koroga humo siagi ya karanga gramu 60 na chumvi, haraka, mimina juu ya vikavu, geuza kwa mwiko uliopakwa mafuta mpaka kila chembe ing'ae. Una kama dakika 2 tu. Mwaga kwenye trei yenye karatasi, shindilia kwa nguvu, safari hii hata ukisimama juu ya kiti ili upate uzito wa mwili sawa tu. Subiri dakika 10 mpaka 15, kata ikiwa bado ina uvuguvugu. Hii ni tofauti na ile laini, ukisubiri ipoe kabisa itapasuka popote inapotaka yenyewe.

KUBADILISHA VITU

Mwenye aleji ya karanga aweke siagi ya mbegu za alizeti, vipimo vilevile. Ufuta nao ni aleji kwa baadhi ya watu kwa hiyo ukigawa kwa wengine waambie kilichomo. Karanga unazosaga mwenyewe zichambue, zenye ukungu au zilizosinyaa na kubadilika rangi tupa, sumu ya ukungu ule haiishi kwa kukaanga.

Kokoa vijiko 2 inaingia vizuri kwenye laini, punguza oti kiasi hichohicho maana kokoa nayo inanyonya. Zabibu kavu sawa. Ndizi mbivu watu wanaipenda, mimi siiweki, ni maji mengine hayo. Ladha ya ndimu ipate kwenye ganda la kukwaruza, sio juisi. Chokoleti ipake juu baada ya kuoka mara ya pili na baa zikiwa zimepoa.

Watoto chini ya mwaka mmoja hawapewi asali kabisa, hata iliyookwa, na watoto wadogo wasipewe ile ngumu, vipande vya dengu kavu na mbegu vinapalia.

Kuhusu mazoezi, kula saa moja mpaka moja na nusu kabla, sio dakika 10 kabla ya kukimbia. Nyuzinyuzi zote zile tumboni halafu unaruka juu chini, utanikumbuka. Kama hujazoea mikunde anza na nusu kipande siku chache.

KUTUNZA

Laini zikae kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, karatasi kati ya tabaka na tabaka, siku 5. Nje ya friji siku moja tu na kama kuna joto kali hata hiyo usiifikishe, zina unyevu na zina protini, vijidudu vinapenda hapo. Ukinusa uchachu au ukaona uteute juu, tupa. Kwenye friza zinakwenda mpaka miezi 3, ifunge kila moja peke yake, ukiitoa asubuhi ikiwa imeganda ukaitia kwenye begi, katikati ya asubuhi imeshakuwa laini tayari kuliwa.

Ngumu kinyume chake, friji ni adui. Asali inavuta unyevu wa hewani na ukiitoa kwenye baridi inatoka jasho, siku ya pili inanata kama gundi ya viatu. Iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa, kabatini, wiki 2. Ikishaanza kunata irudishe oveni nyuzi 120 dakika 10, iache ipoe juu ya waya, itakaza tena.